Bahasha ya Sauti

Wateja wangu wakishajua kwamba nahamisha kaseti za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta, swali lao la kwanza huwa bei. La pili, kwa wale wanaojua mambo kidogo, huwa hili: utanipa WAV au AIFF? Vijana wa studio huongeza la kwao: ipi ina sauti safi zaidi? Nimeshakutana na mmoja aliyeniapia kuwa AIFF ina "ujoto" ambao WAV haina, na mwingine aliyeapa kinyume chake kwa ukali zaidi.

Jibu langu ni la hesabu. Chukua dakika moja ya sauti yenye ubora wa CD, chaneli mbili. Kila chaneli ina vipimo 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kinachukua baiti mbili. Jumla yake kwa dakika ni baiti 10,584,000. Ihifadhi kama WAV ya kawaida kabisa, faili itakuwa na baiti 10,584,044. Ihifadhi kama AIFF ya kawaida kabisa, itakuwa na baiti 10,584,054. Zimepishana kwa baiti kumi, na hata hizo kumi hazimo kwenye sauti. Zimo kwenye bahasha. Ziweke faili hizo mbili sambamba kwenye programu ya kuhariri, geuza wimbi la moja juu chini, kisha zichanganye: hutasikia kitu. Si kwamba sauti itakuwa ndogo sana. Kutakuwa na sifuri tupu toka mwanzo hadi mwisho, maana kila kipimo kimemfuta mwenziwe.

Basi kama barua ni moja, bahasha mbili za nini? Na kwa nini baadaye zikaja nyingine? Nimeifuatilia historia hiyo kwa miaka kadhaa, si kwa kupenda mambo ya kompyuta tu. Katika kazi yangu, mara nyingi kinachopotea si sauti. Sauti ipo, inasikika vizuri, ila hakuna ajuaye ni ya nani.

Wazo la kuigeuza sauti kuwa namba lilikuwapo kabla ya kompyuta kuenea. Mwaka 1937 mhandisi Mwingereza, Alec Reeves, alikuwa Paris akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya ITT. Kilichomkera ni kelele. Simu ya masafa marefu ilipita kwenye vikuza sauti vingi njiani, na kila kimoja kilikuza maneno pamoja na kelele, kisha kikaongeza na ya kwake. Reeves akafikiri: usipeleke wimbi lenyewe. Lipime mara nyingi kwa kila sekunde, halafu peleka vipimo tu, vikiwa vimeandikwa kwa alama mbili, kuna mpigo au hakuna mpigo. Kituo cha njiani hakitakuwa na haja ya kukuza chochote. Kitasoma namba na kuiandika upya, safi kama ilivyotoka. Aliomba hataza Ufaransa mwaka 1938. Mitambo ya valvu ya siku hizo haikuweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ya kubebeka, na wazo likawekwa kiporo.

Utaratibu huo unaitwa PCM, na ndio uliomo ndani ya WAV na AIFF mpaka leo. Hakuna kilichobanwa wala kutupwa. Ni vipimo tu, kimoja baada ya kingine, kama shanga kwenye uzi.

Lakini shanga peke yake hazijielezi. Ukinipa faili ya vipimo vitupu, isiyo na maneno yoyote mbele yake, kompyuta yangu haitajua kama ni vipimo 44,100 kwa sekunde au nusu yake, chaneli moja au mbili, baiti moja kwa kipimo au tatu. Ikibahatisha vibaya, mzee ataongea kama mtoto, au mtoto ataongea kama zimwi. Kwa hiyo lazima pawepo maelezo, na maelezo hayo ndiyo bahasha.

CD, cha kushangaza, ilikuja bila bahasha ya namna hiyo. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982, kazi ya pamoja ya Sony na Philips, na kila kitu ndani yake kilikuwa kimekwisha kuamuliwa: biti 16, chaneli mbili, vipimo 44,100. (Namba hiyo nayo ina asili yake. Sauti ya kidijitali ya miaka hiyo ilirekodiwa kwenye kanda za video, kwa kuwa ndizo zilizoweza kubeba mzigo mkubwa kiasi hicho. Mfumo mmoja wa televisheni ulitumia mistari 245, vipimo vitatu kwa mstari, mara 60 kwa sekunde. Mwingine ulitumia mistari 294, vipimo vitatu, mara 50. Zidisha mwenyewe: zote mbili zinaleta 44,100.) Kwa kuwa kila kicheza CD duniani kilijua mambo hayo, hapakuwa na haja ya kuyaandika. Jina la wimbo nalo halikuandikwa, wala la mwimbaji. Diski ilijua kuwa huu ni wimbo wa kwanza na ule ni wa pili, basi. Majina yalikuwa kwenye karatasi iliyokaa ndani ya kasha. Mpaka 1996 ndipo ulipoongezwa utaratibu wa kuandika majina ndani ya diski yenyewe, na diski nyingi ziliendelea kutengenezwa bila kuutumia.

Bahasha tunazozijua leo zilizaliwa kwenye kompyuta za nyumbani. Mwaka 1985 Jerry Morrison wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Electronic Arts aliandika utaratibu uliopewa jina la IFF, uliotumika kwanza kwenye kompyuta ya Amiga. Alitaka programu zisiweke kazi za watu rumande, yaani picha uliyochora kwa programu moja uweze kuifungua kwa nyingine. Njia yake ilikuwa nyepesi hata unajiuliza kwa nini haikufikiriwa mapema. Gawa faili katika mafungu. Kila fungu lianze na herufi nne zinazosema ni fungu la nini, zifuatwe na namba inayosema fungu lina baiti ngapi, kisha mzigo wenyewe. Programu ikikutana na fungu isilolijua, haina haja ya kuogopa wala kuuliza. Inasoma ukubwa wake, inaliruka, inaendelea na safari. Ni kama mchukuzi wa bandarini: hajui kilichomo ndani ya kila gunia, lakini lebo inamtosha kujua lipi lake na lipi la mwingine.

Mwaka 1988 Apple iliuchukua utaratibu huo ikatengeneza AIFF, kwa ajili ya Macintosh. Na mnamo Agosti 1991 Microsoft na IBM wakatoa wa kwao, RIFF, ambamo fungu la sauti liliitwa WAVE. Kwenye jina la faili likakatwa kuwa "wav", kwa sababu kompyuta za DOS zilikubali herufi tatu tu baada ya nukta. Wote walirithi mafungu yale yale ya Morrison. Kwa hiyo WAV na AIFF ni ndugu wa baba mmoja, na kama ilivyo kwa ndugu wengi, ugomvi wao mkubwa ni juu ya nani aanze.

Chukua namba 258. Haienei kwenye baiti moja, inahitaji mbili: moja inasema kuna 256 moja, ya pili inasema zimebaki 2. Uandike ipi kwanza? Vichakato vya Motorola, vilivyokuwa ndani ya Amiga na Macintosh, vilianza na kubwa. Vichakato vya Intel, vilivyokuwa kwenye kompyuta za IBM na jamaa zake, vilianza na ndogo. Ukisoma kwa mpangilio usio wake, 258 inageuka 513. Fanya hivyo kwa vipimo 44,100 kila sekunde, na wimbo wa taarabu utakuwa mvua kubwa kwenye paa la bati.

Wahandisi waligombana juu ya jambo hili kiasi kwamba tarehe 1 Aprili 1980 Danny Cohen aliandika waraka wa kuwasihi wapatane, akazipa kambi mbili hizo majina kutoka Safari za Gulliver, kile kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1726 ambamo watu wadogo wa Liliput wanapigana vita juu ya upande upi wa yai uvunjwe kwanza. Mimi sikuhitaji kwenda mpaka Liliput. Wazee wa Mwambao waliohesabu kwa kufuata Kiarabu walisema hamsa wa ishirini, tano na ishirini, ndogo ikitangulia. Sisi tunasema ishirini na tano. Mfuko wa karafuu wenye kilo hizo haukupungua wala kuongezeka kwa sababu ya aliyeuhesabu. Ila pangekuwa na karani asiyejua kuwa wenzake wanahesabu kwa njia nyingine, daftari lingeharibika.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya WAV na AIFF: WAV ni hamsa wa ishirini, AIFF ni ishirini na tano. Nyingine ni ndogo ndogo. AIFF inatumia baiti kumi nzima kuandika idadi ya vipimo kwa sekunde, kwa namna ya namba ambayo Macintosh ya siku zile iliipenda. WAV inatumia nne. Katika sauti ya biti 8, kimya kwenye AIFF ni 0, na kimya kwenye WAV ni 128. Hii ya mwisho huwa nikiifikiria nacheka peke yangu, kwamba watu waliweza kutofautiana hata juu ya namna ya kuandika kimya. Apple baadaye walitoa toleo jingine la AIFF lenye kukubali mpangilio wa Intel, na alama waliyoutambulisha nao ni "sowt", yaani "twos", jina la mpangilio wa zamani, likisomwa kinyumenyume. Mtu fulani ofisini alijifurahisha siku hiyo. Mwaka 2006 Macintosh zenyewe zilipoanza kutoka na vichakato vya Intel, sababu ya ugomvi ikawa haipo tena, lakini bahasha mbili zikabaki.

WAV ndiyo iliyoshinda kwa wingi, kwa kuwa Windows ilishinda kwa wingi. Mwaka 1992 Windows 3.1 ilikuja na faili chache za WAV zenye majina kama "ding" na "tada": kengele ya kukuonya umekosea, mbwembwe za kukukaribisha. Waliobuni bahasha hiyo walikuwa na milio ya sekunde moja au mbili akilini. Ukubwa wa faili wakautengea baiti nne, na baiti nne haziwezi kuandika namba inayozidi 4,294,967,295. AIFF nayo ina ukomo wa aina hiyo. Mwaka 1991 huo ulikuwa ukubwa usiofikirika. Leo, kwa ubora wa CD, unakwisha baada ya saa 6 na dakika 45. Kwa vipimo 96,000 vya biti 24 unakwisha baada ya saa 2 na dakika 4. Mtu anayerekodi maulidi au taarabu ya harusi toka isha mpaka alfajiri anaufikia mpaka huo kabla bwana harusi hajaonekana. Vinasa sauti vizuri hukata faili na kuanza nyingine. Vile duni hugota, au namba inazunguka na kurudi mwanzo, kama mita ya gari kuukuu, na faili ya usiku kucha inajitangaza kuwa ya dakika tatu.

Lakini ukubwa si jambo linaloniumiza. Linaloniumiza ni jina.

Haina maana kwamba waliozibuni walisahau. AIFF tangu mwanzo ilikuwa na fungu la jina la kazi, fungu la mtunzi, la haki miliki, la maelezo ya ziada. RIFF ya 1991 nayo ilikuwa na orodha ndefu: jina, msanii, tarehe, hata sehemu ya kuandika kazi yenyewe imehifadhiwa wapi. Ila mafungu hayo yote yalikuwa ya hiari, na la hiari halijazwi. Programu nyingi hazikuuliza, na watumiaji wengi hawakujua kuwa zipo. Faili ikawa halali kabisa, inacheza kila mahali, na haina jina.

Miaka michache iliyopita aliniletea mzigo bibi mmoja wa hapa Unguja. Nilimwamkia, akaitika, akakaa, akatoa mfuko wa nailoni wenye kaseti kumi na moja na kijiti kimoja cha kuhifadhia faili. Kaseti zile zilikuwa barua. Kijana wa leo huenda asielewe: katika miaka ya 1970 na 1980 watu wetu waliokuwa Maskati, Dubai na kwingineko hawakuwa wakiandika tu. Walibonyeza kitufe cha kurekodi, wakaongea nusu saa au zaidi, wakaifunga kaseti kwenye karatasi wakampa msafiri. Huku nyumbani watu walikusanyika wakasikiliza, wakacheka, wakalia, kisha wakarekodi majibu, wakati mwingine juu ya kaseti ile ile.

Bibi alikuwa ameshazipeleka duka moja mjini, ambalo sina haja ya kulitaja. Walimrudishia kaseti bila makasha yake. "Makasha yalikuwa yamevunjika vunjika, mwanangu, wakasema wameyatupa," akaniambia. Na juu ya makasha ndiko mumewe, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kiswahili chake, alikoandika nani anaongea, kwa nani, na mwezi gani. Ndani ya kijiti mlikuwa na faili 22, upande A na upande B wa kila kaseti, zimeitwa 01.wav mpaka 22.wav. Hakuna zaidi.

Nilizifungua. WAV, biti 16, vipimo 44,100, kubwa kama inavyotakiwa. Lakini nilipotazama picha ya masafa ya sauti, ule mvumo wa "shhh" wa kaseti, ambao kwa kawaida hufifia taratibu kuelekea juu, ulikatika ghafla kwenye hezi 16,000, kama majani yaliyopitishwa fyekeo. Hiyo ni alama ya MP3 ya ubora wa chini. Duka lilirekodi kwa MP3, likatupa sehemu ya sauti, kisha likayageuza matokeo kuwa WAV ili yaonekane ya maana. WAV haikuweza kulisema hilo. Yenyewe ni bahasha, na bahasha haijui kama barua iliyomo ni ya asili au ni nakala ya nakala. Nikamwomba bibi ruhusa ya kuanza upya na kaseti zenyewe.

Watu wa redio ndio waliolitambua tatizo hili mapema na kulifanyia kazi. Mwaka 1997 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulitoa bahasha iitwayo BWF. Si muundo mpya. Ni WAV ile ile, imeongezwa fungu moja liitwalo "bext", na uzuri wa mafungu ya Morrison ukaonekana hapo: kicheza sauti cha zamani kisicholijua fungu hilo kinaliruka tu na kucheza sauti kama kawaida. Ndani ya bext mna nafasi ya maelezo, herufi 256. Nafasi ya aliyetengeneza, herufi 32. Rejea, herufi 32. Tarehe, herufi 10. Saa, herufi 8. Kisha namba inayosema kipimo cha kwanza cha sauti kiko vipimo vingapi tangu saa sita ya usiku, ili vipande vya rekodi moja viweze kupangwa kwa mfuatano wake. Na mwisho kuna sehemu isiyo na kikomo cha urefu, inayoitwa historia ya usimbaji: mstari kwa mstari, sauti hii ilitoka kwenye mashine gani, ikapita kwenye kigeuzi gani, kwa vipimo vingapi, ikaishia wapi.

Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilisema moyoni: hii ni isnadi. Fulani kapokea kutoka kwa fulani, aliyepokea kutoka kwa fulani. Waliosoma chuoni wanajua kwamba habari isiyo na isnadi haikataliwi moja kwa moja, lakini haipewi uzito. Kama duka lile lingejaza mistari miwili tu hapo, ningejua MP3 iliingia wapi bila kupekua picha ya masafa.

Shirikisho la kimataifa la makavazi ya sauti, IASA, nalo likaichagua BWF katika mwongozo wake, likataka biti 24 na vipimo visivyopungua 48,000. Makavazi ya zamani yalikuwa na namna yao. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika kusini, kati na mashariki akirekodi, na aliyeanzisha maktaba ya ILAM mwaka 1954, alitoa santuri 210 za mfululizo wake wa Sound of Africa zikiwa na kadi za maelezo: mahali, lugha, ala, waimbaji. Bahasha ya Tracey ilikuwa karatasi, na karatasi ile ndiyo inayowawezesha leo wajukuu wa waimbaji kuwatafuta babu zao kwa majina. Unaweza kubishana na Tracey juu ya mengi, lakini kadi alijaza.

Nikarudi kwa bibi na kaseti zake. Tuliketi siku nne, mchana baada ya adhuhuri, chai mezani, yeye akisikiliza na mimi nikiandika. Hapo ndipo nilipoona mahali bext inapombana mtu wa huku. Tarehe inataka herufi kumi: mwaka, mwezi, siku, na alama mbili za katikati. Bibi alikuwa na tarehe za namna nyingine: kabla ya kuzaliwa wa tatu, baada ya msiba wa shangazi, Ramadhani ile aliyokuwa akiumwa miguu. Hizo hazikai kwenye herufi kumi. Isitoshe, herufi zinazokubaliwa na kanuni ya bext ni zile za ASCII, za Kirumi zisizo na mapambo. Kiswahili tunachoandika leo kinapita humo bila shida, tena kwa raha kuliko Kifaransa. Lakini maandishi ya mumewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hata kama makasha yangekuwapo, yasingeingia kama alivyoyaandika. Ningelazimika kuyageuza.

Kwa hiyo mambo yote yakaelekea kwenye zile herufi 256 za maelezo. Mojawapo ilisomeka hivi, majina nikiwa nimeyatoa: "Barua ya kaseti, upande A. Mume, Maskati, kwa mkewe, Unguja. Hakusema tarehe, anataja kuzaliwa kwa mtoto wa tatu (1984). Kasha halipo. Msemaji ametambuliwa na mkewe kwa kusikiliza." Haikufika herufi 200. Nilipomsomea, bibi alinyamaza kidogo akasema niongeze kwamba anayekohoa nyuma ni mdogo wake mume, naye aje ajulikane. Tukaongeza.

Tatizo la ukubwa nalo EBU walikuja kulipatia dawa miaka ya 2000, nayo ni RF64. Mwanzoni mwa faili, badala ya RIFF panaandikwa RF64, na pale panapopaswa kuandikwa ukubwa panajazwa namba kubwa kuliko zote, ishara ya kusema usiniulize mimi, nenda fungu linalofuata, ambako kuna baiti nane za kuandikia ukubwa wa kweli. Vinasa sauti vyenye akili hutenga mwanzoni fungu tupu, ambalo jina lake rasmi ni "JUNK", takataka. Rekodi ikibaki ndogo, takataka inabaki takataka. Ikivuka mpaka, fungu hilo linageuzwa kuwa mahali pa kuandikia ukubwa mpya bila kukatiza kazi. Taarabu ya usiku kucha sasa inaenea.

Ila yale mafungu ya Morrison yana upande wa pili. Programu inaruhusiwa kuliruka fungu isilolijua. Baadhi ya programu, zikiisha kuliruka wakati wa kusoma, hazilirudishi wakati wa kuandika. Unafungua BWF, unakata sekunde mbili za mkwaruzo mwanzoni, unahifadhi, na bext imetoweka. Sauti haikudhurika, kwa hiyo hakuna anayegundua. Nimeliona hilo likitokea kwenye faili za watu zilizopita mikono mitatu, minne. Ndiyo maana kila ninapomaliza kazi natoa vitu vitatu: BWF yenyewe, faili ya maandishi ya kawaida yenye maelezo yale yale, na karatasi niliyoichapa na kuikunja ndani ya kasha jipya la kila kaseti. Mtu wa kompyuta atacheka akiiona karatasi. Karatasi haina programu ya kuifuta.

Kati ya kaseti kumi na moja, kumi tulizitambua. Moja, pande zote mbili, inaongea mwanamke. Bibi aliisikiliza mara tatu, akamwita dada yake kwa simu, dada naye akasikiliza. Lahaja ni ya Pemba, akasema dada, lakini sauti haijui. Mwanamke yule anawasalimia watu tisa kwa majina ya utotoni, anataja kisima, analalamika kwamba kaseti ya mwisho haikumfikia. Nimeyaandika hayo yote kwenye maelezo. Kwenye nafasi ya msemaji nimeandika "hajulikani", na zimebaki herufi za kutosha kwa jina.